Udongo wa Kwetu na Shanga za Ng'ambo

Mtu atokaye Tanga mjini kwa njia ya bara hupita mashamba ya mkonge, kisha hufika Pongwe, mahali ambapo ardhi yenyewe ni jiwe la chokaa. Reli ya kwanza ya nchi hii ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893. Mwaka 1894 ikafika hapa Pongwe, na mwaka 1896 ikafika Muheza. Tena tangu mwaka 1980 pana kiwanda cha saruji kinacholishwa kwa jiwe hilohilo. Basi wageni wakisikia jina la Pongwe hukumbuka jiwe, mkonge na saruji. Sisi leo twataka kusema habari za kitu kidogo kuliko hivyo vyote, kiwezacho kulala katika kiganja cha mtoto, nacho ni ushanga. Na hasa twataka kuuliza swali moja lililotusumbua siku nyingi: Kwa nini mama zetu wa pwani hii, waliojua kufinyanga tangu zamani za kale, hawakuvaa udongo shingoni, bali walivaa kioo cha nchi za mbali?

Swali hili lilitujia kwa ajili ya watoto. Siku moja tuliwapa wanafunzi wetu madonge ya udongo wafinyange kila mtu apendavyo. Wavulana wakafanya ng'ombe na motokaa. Wasichana wawili wakavingirisha vidonge vidogo katika viganja vyao, wakavitoboa kwa chelewa, wakavipanga juu ya ubao vikauke. Tulikuwa tumemwalika bibi mmoja mfinyanzi aje kutuonyesha namna ya kuchoma. Alipoviona vile vidonge akacheka, akasema, "Mwalimu, udongo ni wa chungu. Shingo ni ya shanga." Tukanyamaza, maana hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumekuwa tukisoma na kuulizana, na hayo tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea wasomaji wetu.

Kila mtu ajua mithali isemayo kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Twadhani waliotunga mithali hiyo walikuwa wakimsikitikia tu mfinyanzi kwa umaskini wake. Lakini kigae kina historia ya heshima kuliko tunavyodhani, na historia hiyo imeshikana na ushanga.

Katika kisiwa cha Pemba pana mahali paitwapo Tumbe, palipokuwa na mji tangu karne ya 7 hata karne ya 10. Wachimbuzi wa mambo ya kale, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, walipochimba pale waliona vigae vingi sana vya vyungu vya kienyeji vyenye mifereji myembamba juu yake, kama njia za maji. Vigae vya namna hiyo vimeonekana pia Shanga katika visiwa vya Lamu, alipochimba Mark Horton tangu mwaka 1980, na Kilwa Kisiwani, alipochimba Neville Chittick. Mifereji ile si pambo la chungu. Ni alama ya kazi. Watu walitwaa kombe la bahari, wakalivunja vipande vidogo, wakavichonga viwe karibu na mviringo, wakavitoboa. Kisha wakavisugua katika kigae mpaka kingo zake zikawa laini. Chungu kilichovunjika hakikutupwa jaani, kiligeuzwa kinoo cha kunolea shanga. Na pale Tumbe vinoo hivyo havikuonekana nyumba moja tu ya fundi mmoja; vilitapakaa katika nyumba nyingi, yaani kazi hii ilikuwa kazi ya nyumbani, kama kusuka ukili.

Basi tazameni ajabu hii. Udongo ulikuwapo mkononi, tena ulikuwa chombo cha kutengenezea pambo. Lakini wenyewe haukuwa pambo. Hata kutoboa udongo walijua, kwa kuwa huko Kilwa vimeonekana vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, navyo vilikuwa pia za kusokotea nyuzi za pamba. Shanga za udongo nazo zimeonekana mahali mahali katika magofu ya pwani, lakini ni chache mno zikilinganishwa na za kombe na za kioo.

Kioo kiliwasili mapema sana. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplo ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa katika karne ya 1, chataja soko la pwani hii lililoitwa Rhapta, ambalo wataalamu wengine huliweka karibu na Pangani, na wengine kusini zaidi. Chasema kwamba wageni walileta mikuki, mashoka, visu na aina mbalimbali za vito vya kioo, wakachukua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Baadaye, katika magofu ya Unguja Ukuu, zimeonekana shanga za kioo ambazo wataalamu wameupima mchanganyiko wake, wakakuta nyingi zao zatoka upande wa Bara Hindi ya kusini na Sri Lanka. Kadiri karne zilivyopita, kioo kilizidi na kombe likapungua. Jirani ya Tumbe paliinuka mji mwingine, Chwaka, uliokaa tangu karne ya 11 hata ya 16, na huko vile vinoo vya vigae vilipungua kabisa. Wajukuu wa wale waliokuwa wakisugua kombe walikuwa sasa wakinunua.

Hapa msomaji ataweza kusema, Jibu ni jepesi, kioo chapendeza kuliko udongo. Nasi tulidhani hivyo kwanza. Kioo chang'aa, hakinywi jasho wala mafuta, na rangi yake haichujuki. Ushanga wa udongo uliochomwa kwa moto wa wazi ni mwepesi kuvunjika, na ukitiwa mafuta hubadilika rangi. Maneno haya ni ya kweli, lakini hayatoshi. Kombe nalo haling'ai kama kioo, lakini lilivaliwa miaka mia kadha wa kadha. Tena mfinyanzi ajua kuung'arisha udongo kwa kokoto laini hata ukawa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Lazima pawe na sababu nyingine.

Twaweza kuiona sababu hiyo tukisoma habari za Wareno. Walipojifanyia ngome Sofala mwaka 1505, walileta shanga za Ulaya wakitumaini kununua dhahabu. Wenyeji wakazikataa. Walitaka shanga zilezile walizozizoea, za Cambay katika Bara Hindi, hata Wareno wenyewe wakalazimika kuagiza mali kutoka Cambay ili wapate kufanya biashara. Mtu akatae kioo kipya kilicho kizuri, akitaka kile kilichozoewa? Kama ushanga ni pambo tu, jambo hili halina maana. Lakini kama ushanga ni fedha, twalielewa mara moja. Maana hata leo, mtu akikuletea noti ya nchi usiyoijua, ijapokuwa imechorwa vizuri kuliko yetu, utamrudishia.

Na fedha ndiyo ilivyokuwa. Mwingereza Richard Burton alifika Tanga na Pangani mapema mwaka 1857, akayaona magofu ya Tongoni, kisha mwaka uo huo akasafiri kwenda bara na John Speke. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 aliandika habari za shanga kama mtu aandikavyo habari za benki. Alisema kwamba ziko aina zipatazo 400, na kila moja ina jina lake na bei yake. Kipimo kilikuwa kete, yaani uzi mmoja wa shanga, na kete 10 zilifanya fundo moja. Ushanga mwekundu, samsami, uliitwa pia kimara-pamba, maana yake kimaliza-chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa chakula chake ili aupate. Na wengine waliuita kivunja-mji, kwa jinsi wanawake walivyoushupalia. (Wanaume waliotunga jina hilo hawakusema wenyewe walikuwa wakitoa pembe ngapi ili wapate bunduki.)

Henry Stanley, alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kumtafuta Livingstone, alipata shida kubwa katika jambo hili. Alihesabu kwamba watu wake watahitaji kete 50 kila siku kwa muda wa miaka miwili, akanunua aina 11, magunia 22. Lakini ilimpasa kujua kila nchi yapenda rangi gani, asije akafa njaa juu ya magunia yake. Unyamwezi walitaka nyekundu. Nyeusi, zilizoitwa bubu, zilikuwa fedha katika Ugogo, na penginepo pote hazikuwa na thamani hata kidogo. Zile kubwa kama mayai, sungomaji, zilipokewa Ujiji. Na nyeupe, zilizoitwa merikani, zilikubaliwa Ufipa na sehemu za Usagara na Ugogo, lakini zilidharauliwa Ukonongo na Uzigua.

Jirani zetu wa Uzigua, basi, walizidharau nyeupe! Tuliposoma hayo tulicheka, kisha tukafikiri. Leo watu husema kwamba rangi tulivu, kama nyeupe ya maziwa, nyeusi, ya majivu, na hudhurungi, ni rangi zisizo na ugomvi, zimfaazo kila mtu. Zamani zile hapakuwa na rangi isiyo na ugomvi. Nyeusi ilikuwa chakula cha siku nzima huku, na mbele ya mto ikawa si kitu. Rangi haikuwa ya macho tu, ilikuwa ni chapa ya serikali juu ya sarafu.

Na sasa jibu la swali letu lakaribia. Fedha haiwi fedha kama kila mtu aweza kuichimba mtoni. Udongo u wa kila mtu. Mtoto aweza kuvingirisha shanga 100 kabla ya jua kutua. Kombe nalo lapatikana ufukoni, ila lataka kazi nyingi ya kusugua, na kazi hiyo ndiyo iliyolipa thamani kwa watu wa bara wasiokuwa na bahari. Kioo kilizidi vyote, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa pwani hii aliyeweza kukifanya, akaiharibu bei. Bibi zetu hawakukosa ufundi, wala hawakuudharau udongo. Walijua vema kwamba avaaye udongo shingoni avaa kazi yake, na avaaye kioo avaa akiba yake. Binti aliyevaa mafundo mawili ya samsami alikuwa amevaa mbuzi.

Wala haikuwa shingo peke yake iliyofuata kanuni hii. Nendeni Tongoni, kusini ya Tanga, mkayatazame makaburi yenye nguzo ya karne za 14 na 15. Mtaona mashimo ya mviringo katika chokaa. Humo yalitiwa mabakuli ya kigeni, ya China na ya Uajemi, yawe heshima ya marehemu. Chungu cha kienyeji kilichompikia chakula maisha yake yote hakikuwekwa juu ya nguzo. Na kwa Washambaa na Wazigua na jirani zao, udongo ulikuwa na kazi nyingine ya heshima: walifinyanga sanamu ndogo, wakazipamba kwa nyeupe, nyekundu na nyeusi, wakawafundishia vijana mwenendo wa utu uzima. Hans Cory alizikusanya, akaziandikia kitabu kilichotoka mwaka 1956. Udongo ulikuwa jikoni na ulikuwa mwalimu. Sokoni haukuwa na sauti.

Shanga zile nyingi za karne ya 19 zilitoka Venice katika Italia, ambako mafundi wa kioo walihamishiwa kisiwa cha Murano mwaka 1291 ili moto wao usiuteketeze mji. Jambo moja la huko halisemwi mara nyingi. Mafundi walivuta kioo na kukikata. Lakini waliozitunga katika nyuzi walikuwa wanawake maskini na binti zao, walioketi milangoni mwa nyumba na sindano nyingi ndefu mkononi, wakizichota shanga katika sinia kwa ujira mdogo sana. Basi mama maskini wa Venice alizitunga kwa shida, na mama wa Uzigua alizinunua kwa shida, na hawakuonana kamwe. Faida ilikaa katikati, kwa wenye majahazi na wenye maduka.

Shanga zilikoma kuwa fedha upesi. Serikali ya Wajerumani iliweka kodi ya nyumba kwa sheria ya mwaka 1897, na mtoza kodi alitaka rupia. Reli ilipokwisha kufika Pongwe na mashamba yakafunguliwa, ujira nao ulitolewa kwa sarafu. Tena baadhi ya sarafu zenyewe zilikuja na tundu katikati: heleri 10 za Wajerumani tangu mwaka 1908, kisha senti za Waingereza; watu wakazitunga katika uzi wasizipoteze, kama kwamba fedha ilikuwa ikiikumbuka asili yake. Ushanga ukabaki pambo tupu. Hapo ndipo udongo ungalipata nafasi ya kupanda shingoni, maana lile zuio la fedha lilikuwa limeondoka. Lakini mazoea ya miaka elfu hayaondoki kwa sheria ya kodi. Na wakati huohuo udongo ulikuwa ukipigwa nyumbani kwake mwenyewe: sufuria na debe ziliingia jikoni, na baadaye ndoo za plastiki, na wafinyanzi wakaanza kupungua. Yule bibi wetu alituambia kwamba katika binti zake hakuna hata mmoja aliyejifunza kazi yake, wala hakuwalaumu.

Shanga za udongo zilizosikiwa mbali hazikuanzia kwetu, zilianzia Kenya. Mwaka 1975, mahali paitwapo Karen, karibu na Nairobi, Bibi Susan Wood alianza kujaribu kufanya shanga za udongo katika kibanda kidogo bustanini mwake. Alikuwa mzaliwa wa Kongo, binti wa wamisionari, na mumewe, Michael Wood, alikuwa mmoja wa madaktari walioanzisha utabibu wa kwenda kwa ndege katika Afrika ya Mashariki. Aliajiri wanawake wawili waliokuwa na watoto wa kulea peke yao. Wanawake wengine wahitaji wakaja, na kibanda kikawa kiwanda, na idadi yao ikafika mamia. Kazi hiyo wakaiita Kazuri, maana yake kitu kidogo kilicho kizuri. (Sisi walimu wa sarufi huikunja nyuso hiyo ka- ya kudogosha, lakini jina limekwisha kuenea ulimwenguni, nasi hatuwezi kulisahihisha kwa kalamu nyekundu.)

Udongo wao huletwa kutoka upande wa Mlima Kenya. Husafishwa, hukandwa, kisha kila ushanga hufinyangwa kwa mkono na kutobolewa. Hukauka, huchomwa katika tanuri mara ya kwanza, hupakwa rangi iyeyukayo motoni ikawa kama kioo, kisha huchomwa mara ya pili. Nyingi zina rangi kali, bali ziko pia zenye rangi tulivu. Nazo huuzwa Ulaya na Marekani.

Tulipofika hapa katika kusoma kwetu tulifurahi mno, tukadhani tumempata yule bibi jibu lake. Lakini tukaona kwamba kanuni ya zamani ingali ileile. Mwanamke wa London auvaa udongo wa Kenya kwa sababu watoka mbali, kama mwanamke wa Pangani alivyovaa kioo cha Venice kwa sababu kilitoka mbali. Merikebu zimegeuza njia, bidhaa imegeuka, na kutoka mbali ndiko bado kunakotia bei. Hatusemi haya kwa kuidharau kazi ile. Mamia ya watoto wamesomeshwa kwa shanga hizo, na hakuna mwalimu atakayelidharau jambo hilo. Ila udongo wa Pongwe kuvaliwa Pongwe ni jambo jingine, na huko London haliwezi kuamuliwa.

Kwa hiyo tulijaribu wenyewe, tukashindwa vibaya mara ya kwanza. Tulichimba udongo nyuma ya shule, tukavingirisha shanga, tukazichoma siku ya Jumamosi. Zilitoka nzuri, nyekundu kama tofali. Tukazitunga, tukawavika wale wasichana wawili. Hata siku ya Alhamisi zikaanza kupasuka. Moja ilitoa kigamba kidogo ubavuni, na ndani yake paonekana chembe nyeupe. Kisha nyingine, na nyingine, hata uzi ukabaki na nusu. Wavulana wakasema zina ndui.

Sababu ilikuwa jiwe la Pongwe. Udongo wa hapa una chembe za chokaa, na chokaa ikichomwa huwa hai, nayo kila siku hunywa unyevu wa hewa na kuvimba, mpaka hupasua kile kilichoizunguka. Mchoma chokaa yeyote angalituambia, kama tungalimwuliza. Na jiwe hilo lilikuwa matope na viumbe vya bahari zamani zisizohesabika; kwa asili ni kitu kimoja na kombe walilokuwa wakilisugua watu wa Tumbe. Kombe ambalo zamani lilisuguliwa na kigae likawa ushanga, sasa lilikuwa limejificha ndani ya udongo na kuuvunja ushanga wetu!

Mara ya pili tulikwenda upande wa Muheza, kwenye udongo mwekundu usio na jiwe hilo, tukauleta kwa baiskeli. Bibi akatuelekeza. Tuliuloweka, tukauchuja kwa kitambaa, tukauacha mpaka ukashikana. Tukatwanga vigae vya chungu kikuukuu tukavichanganya nao kidogo, usipasuke wakati wa kukauka. Ushanga hupungua kipimo ukikauka na kuchomwa, kama sehemu moja katika kumi, na tundu hupungua pamoja nao. Basi chelewa yapasa iwe nene kuliko uzi utakaotumika. Shanga zisipokauka kabisa bado, husuguliwa kwa kokoto laini; kisha hukaa kivulini siku kadha wa kadha, wala si juani.

Katika rangi hatukuwa na la kuchagua, na hilo likawa faida yetu. Ile rangi iyeyukayo kama kioo yataka tanuri ya kupita nyuzi 1,000 za joto, na moto wetu wa makumbi ya nazi haufiki huko. Kwa hiyo tulikubali rangi zile ambazo moto wenyewe hutoa. Shanga zikipata hewa motoni hutoka nyekundu au hudhurungi. Zikifunikwa pumba za mpunga zingali za moto, moshi ukaziingia, hutoka nyeusi. Zilizokuwa pembeni, zikapata moshi nusu na hewa nusu, hutoka za majivu, na hizo ndizo tulizozipenda kuliko zote, ingawa hazikukusudiwa. Nyeupe hatukuipata. Wavulana walizipaka chokaa, ikachafua kola za mashati. Kule Pugu, karibu na Dar es Salaam, uko udongo mweupe hasa, lakini ni safari ndefu kwa ajili ya ushanga.

Tuligombana kidogo juu ya kuzitunga. Mwenzetu mmoja alitaka kila rangi na kila umbo katika uzi mmoja. Wale wasichana wakakataa. Wakapanga nyeusi tatu, ya majivu moja, nyeusi tatu, na katikati moja kubwa ya hudhurungi, basi. Na kati ya shanga na shanga wakatia fundo dogo la uzi, zisigongane zikavunjika. Tulipoiona tukakiri kwamba wao waliona kuliko sisi. Shanga zenye rangi kali hushindana. Hizi zilikaa pamoja kama kokoto za mtoni.

Tulitunga kete tano. Nne twaziweka shuleni, na mkaguzi mmoja aliyepita alituuliza zimenunuliwa wapi, tukaona fahari isiyo haba. Ya tano tulimpelekea bibi. Aliipima mkononi, akaigonga kwa ukucha akasikiliza mlio wake, kama agongavyo chungu kabla ya kukiuza. Tukamwomba aivae. Hakuivaa. Aliitundika ukutani penye unyevu, karibu na mtungi wake wa maji, akasema, "Ngojeni masika yapite, walimu. Kama hazikutema chokaa, nitawaambia kama ni shanga."

Masika hayajafika bado tunapoandika haya.